Alijua Kuogelea

Kaka yangu alikuwa mwanamaji asiyejua kuogelea. Mtu wa mjini atacheka, lakini sisi wa Kibara hatuoni cha ajabu. Ziwani kwetu kulikuwa na mamba. Mdogo wake Mama alichukuliwa akichota maji, na tangu hapo mtoto yeyote wa nyumba yetu aliyelowa kupita magoti alikula fimbo. Kaka alivua sato, alijua kasia na upepo, lakini maji yakimfika kifuani alizama kama jiwe. Najua kwa sababu niliwahi kumvuta kwa ukosi wa shati, mimi msichana mdogo, pale pale mwaloni tunapopaki mitumbwi. Akaniapisha nisiseme.

Vita na Uganda vilipoanza alikwenda Musoma kujiandikisha. Alirudi mara moja tu kuaga, amevaa sare, anacheka.

"Waliniuliza kwetu wapi, nikasema Kibara," aliniambia. "Wakasema huyu mtoto wa ziwa, apelekwe kwa wanamaji. Hawakuniulizaga tena."

Nilimsihi akaseme ukweli. Akanifinya shavu. Alikuwa na miaka ishirini na sare ilimpendeza, basi.

Hakumaliza hata mwaka. Askari mwenzake alikuja na baiskeli kutoka Bunda, akakaa kwenye kigoda, akatueleza kwamba boti yao ilipinduka karibu na nchi kavu. Waliojua kuogelea walifika. Kaka hakuonekana, wala maiti yake.

Mama akanigeukia. "Nyie si mlikuwaga mnanitoroka mnaenda kuoga? Alikuwaga anajua?"

Fimbo yake ilikuwa imeegemea mlango. Niliitazama, nikasema, "Anajua sana, Mama."

Nilidhani namhurumia. Kumbe nilimfunga. Kwetu, aliyepotelea majini huzikiwa mgomba badala ya mwili, watu wakalia, wakanyoa, yakaisha. Wazee wa ukoo walipokuja na mgomba wao, Mama aliwafukuza. Mwanangu anaogelea, alisema, yuko visiwani huko. Kwa miaka zaidi ya arobaini alishuka mwaloni kuwauliza watu wa Ukerewe kama wamemwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Kijana! Mimi mdogo wake nilishakuwa bibi, na bado yeye anauliza kijana. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nilimwita mkaidi mbele ya wajukuu.

Mwaka jana miguu ilimkatalia. Akaniomba nishuke mimi, nikamuulizie. Nilifika nusu ya njia nikageuka. Nilikaa kitandani pake nikamwambia yote: ukosi wa shati, kiapo, uongo wangu. Fimbo sikuitaja. Nilijiambia hiyo nitakwenda nayo kaburini.

Mama alisogeza uji wake pembeni. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Hakunitazama kabisa. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza juu chini.

"Ni mimi niliyemkatazaga maji," alisema.

Nilimwambia hapana, Mama, ni mamba, ni vita. Sidhani alinisikia. Aliniomba nimwinue akae vizuri, akafunga kanga yake upya.

"Kakate mgomba," alisema. "Utafute mrefu. Mwanangu alikuwa mrefu."