Vibao vya Pembeni mwa Skrini

Nilihamia Picha ya Ndege, pale Kibaha, kwa sababu ambayo sasa siikumbuki vizuri. Pengine kodi ya chumba ilikuwa nafuu, pengine nilikuwa nimeichoka Tunduma kama nilivyowahi kuichoka Songea, na Kahama kabla yake. Mimi nikikaa mahali hadi muuza maandazi akanizoea, miguu inaanza kuniwasha. Nikishaondoka, nayakumbuka maandazi.

Wapangaji wenzangu wote walifanya kazi Dar. Waliondoka kabla hakujapambazuka, wakarudi wamechoka hata kuulizana habari. Mchana, uani tulibaki mimi, kuku wa mama mwenye nyumba na mlio wa mashine ya kufyatulia matofali ng'ambo ya barabara. Ninatengeneza kompyuta. Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimeyaokota njiani, kwa kufungua mashine za watu na kuangalia video za wanaofundisha kuandika programu. Katika chumba kile, kwa kukosa mtu wa kuongea naye, nikaanza kuandika programu yangu ya kuchapia maandishi. Haikuwa na makuu. Muda mwingi niliumalizia kwenye vichupo, yaani vile vibao vidogo vyenye majina juu ya skrini, vinavyokuwezesha kufungua kazi nyingi ndani ya dirisha moja na kutoka hii kwenda ile. Nilivichonga pembe, nikavibadilisha rangi, nikavipanua, nikavipunguza. Mtumiaji alikuwa mmoja tu, mimi, nami sikuwa na cha kuchapa.

Ndipo nikaitwa Kisarawe kutengeneza printa ya mama mmoja mwenye steshenari karibu na ofisi za wilaya. Kazi yake ni kuwachapia watu barua za maombi, za malalamiko, za utambulisho. Printa ilipopona nikabaki namtazama. Kila barua ilijifungua kwenye dirisha lake, madirisha yamelaliana kama nguo kwenye beseni, naye anayachambua moja moja huku mteja amesimama nyuma yake.

"Mama, hii unaiwezaje?"

"Naiweza kwa kumwomba Mungu," alisema bila kugeuka. "Kwani wewe una dawa?"

Nilikuwa nayo kwenye flashi. Nikamwekea siku ileile, nikarudi Kibaha nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Siku ya pili akapiga simu. "Fundi, umenipa ukoo mzima. Vibao vyote vinaitwa Kijiji cha."

Nilikuwa nimeiagiza programu ichukue mstari wa kwanza wa maandishi, iufanye jina la kichupo. Kwangu, chumbani, ilifanya kazi vizuri, kwa sababu nilikuwa nachapa upuuzi. Lakini barua za watu wake zote zinaanza na anwani ya anayeandika, Kijiji cha fulani, na kibao hakikuwa na nafasi ya zaidi ya maneno mawili. Nikapanda bodaboda kwa njia ya Kiluvya, vumbi likanijaa hadi masikioni, nikaenda. Nikajaribu kuchukua jina chini kabisa, pale mtu anapotia sahihi. Ikashindikana, maana barua nyingi zilikuwa hazijafika chini. Mtu anaanza kueleza shida yake, anakumbuka kwamba hajui jina kamili la mtendaji wa kijiji, anarudi kwao Kibuta kuuliza. Barua inabaki nusu, wazi, inamngoja.

Mwishowe nikamwachia aandike majina mwenyewe. Akaandika Kiwanja, Mjukuu, Kisima, Mbishi. Nilikuwepo siku mwenye barua ya Mbishi aliporudi. Akainama kwenye skrini.

"Mbishi ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe. Tarehe umenibadilishia mara ngapi?"

"Sasa mama, mbele za watu?"

"Mbele za watu si fundi tu huyu? Kaa, tumalize, nikufute."

Nilicheka hadi nikajishtukia. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nihamie Kibaha.

Baada ya hapo alinipigia karibu kila wiki, na kila alipopiga nilikwenda, ingawa mengine ningeweza kumwelekeza kwa simu. Vibao vilipozidi, vilibanana hadi majina yakabaki herufi mojamoja. Nikavipanga safu mbili. Akalalamika kwamba akibonyeza cha juu kinashuka chini, na kichwa kinamzunguka. Aliomba viwe vyekundu vyote ili avione vizuri. Nikamfanyia, na kesho yake akaniambia macho yanamuuma, nivirudishe. Alama ya kufungia niliyoiweka kwenye ncha ya kila kibao nikaiondoa, kwa sababu kidole chake kiliiangukia na kumfungia kazi. Ndipo nikavitoa juu kabisa, nikavisimamisha pembeni kushoto, kimoja chini ya kingine, aliyetangulia kufika akiwa juu.

"Hapo sasa wamekaa," alisema.

Lakini mimi sikuridhika. Vibao vilikuwa vingi mno, na vingine havijaguswa muda mrefu. Nikiwa Picha ya Ndege, bila kumuuliza, niliongeza kitu nilichokiona cha busara: kazi isiyoguswa kwa wiki kadhaa ijihifadhi yenyewe na kibao chake kiondoke kwenye skrini. Nilipokwenda tena nikaiweka, nikasahau hata kumwambia.

Akapiga simu. Mbele yake alikuwa amekaa mzee wa Kibuta, yule wa barua ya Kisima. Alikuwa ameugua, ndiyo maana hakurudi mapema. Sasa amekuja na maelezo yote, na barua haipo.

"Ipo, mama. Imehifadhiwa tu, nitakuonyesha ilipo."

"Nani kakwambia uihifadhi? Mtu kaenda kuuliza, wewe unamwondolea nafasi yake?"

"Nilidhani harudi."

"Ulimuuliza?"

Nikamwelekeza, barua ikapatikana, nikamsikia mzee akishukuru kwa nyuma. Nilikwenda kesho yake kuing'oa ile busara yangu yote. Hakunigombeza tena, alinipa tu nafasi kwenye mashine, akawa anapanga karatasi. Tangu siku hiyo hakuna kibao kinachoondoka mpaka yeye mwenyewe akiondoe.

Na simu ikanyamaza.

Wiki ya kwanza nilidhani amekasirika. Ya pili nikampigia, nikamsalimia shikamoo, nikauliza programu inaendeleaje.

"Marahaba baba. Mbona nzuri tu, haina shida. Nina wateja, tutaongea."

Haina shida. Kwa fundi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, nami nilikaa kitandani nikiwa nimeishika simu, naisikiliza mashine ya matofali. Kitu kilichokuwa kinanipeleka Kisarawe kilikuwa kimekwisha, na nilikimaliza kwa mikono yangu. Nitasema ukweli: lilinijia wazo la kumpelekea toleo jipya lenye kasoro ndogo, ya kupona kwa dakika mbili. Sikulitekeleza. Lakini nililiwaza kutwa nzima, na jioni nikaanza kufikiria Mbeya, jinsi ninavyofikiria mji mwingine kila ninapokuwa si wa lazima mahali nilipo.

Asubuhi nikashika njia ya Kiluvya.

Nilimkuta peke yake, miwani puani, vibao vimejipanga pembeni.

"Kuna nini, programu inataka kuharibika?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Umeleta mpya? Mimi mpya sitaki."

"Sijaleta kitu. Nimekuja tu."

Akavua miwani. "Mtu mzima anatoka Kibaha anakuja tu. Kwani huna kwenu?"

Alisema kwa utani, na utani huo nimeujibu katika miji mingi kwa utani mwingine. Siku ile niliinama nikapangusa vumbi kwenye viatu. Nadhani alielewa, kwa sababu alinyanyua rimu za karatasi zilizokuwa juu ya kiti cha pili, akazishusha chini.

"Haya, kaa. Ila mashine usiiguse."

Nikakaa. Alichapa, mimi nikatazama barabara. Aliniuliza kama Kibaha mvua imenyesha, nikamwambia bado. Mteja alipoingia na fimbo yake nilimpisha kiti, nikasimama mlangoni, na baada ya muda nikaaga.

"Karibu tena," alisema, macho kwenye skrini. Ndivyo anavyomwambia kila mteja. Njia nzima ya kurudi nililipima lile neno, nikashindwa kujua kama ameniambia mimi au mteja tu.

Wiki iliyofuata simu haikulia. Nilikwenda hivyohivyo.