Kasisi Aliyesifiwa na Kasisi Aliyesengenywa

Arlene Stockwell hakuwahi kutaka uongozi wa kiumbe chochote chenye miguu miwili. Alifuga ng'ombe wa maziwa huko Vermont miaka arobaini na mitatu, kwanza pamoja na mumewe Orrin, kisha peke yake Orrin alipofariki, na ng'ombe walimtosha. Jumapili alikwenda kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Barnaba, akakaa benchi la nyuma kabisa, akaimba kwa sauti ya chini, akanywa kikombe kimoja cha kahawa, akarudi kwenye mifugo yake.

Mwezi Juni kasisi wao alistaafu, akahamia Florida kwenye joto, kwa ajili ya magoti yake. Waumini wakakutana ukumbini kuunda kamati ya kumtafuta mwingine. Mwenyekiti wa baraza la kanisa akauliza, "Nani yuko tayari kuiongoza?" Kila mtu akavikodolea macho viatu vyake kana kwamba kavinunua asubuhi ile. Papo hapo nyigu akatua shingoni kwa Arlene. Akainua mkono kumfukuza.

"Mungu akubariki, Bi Arlene!" Makofi yakalipuka.

"Jamani, nilikuwa nafukuza nyigu!"

"Hata Musa alikuwa anachunga kondoo tu," mwenyekiti akajibu, akaliandika jina lake kwa wino.

Akapewa wenzake wawili. Wa kwanza alikuwa Thurman Peck, daktari wa meno mstaafu aliyezoea kuyapima mahubiri kwa saa yake ya mkononi. Wa pili alikuwa Priscilla Noyes, mfuaji wa vitambaa vya madhabahu, mwenye ulimi usio na breki.

Kwanza wakawauliza waumini wanataka kasisi wa namna gani. Majibu yakajaa boksi la viatu. Awe kijana, lakini mwenye uzoefu wa miaka thelathini. Ashinde kwa wagonjwa, na asitoke ofisini. Abadilishe kila kitu, asiguse chochote. Mmoja aliandika maneno mawili tu: "Asicheze gitaa."

"Mtu huyu hajazaliwa," Arlene akasema.

"Alizaliwa," Priscilla akajibu. "Wakamsulubu."

Ofisi ya askofu ikawaletea majina. Wakawahoji watu kwa kompyuta, na muda wote Daktari alionekana paji la uso tu. Hatimaye wakabaki wawili. Hapo ndipo desturi inataka kamati iende kuwasikia wakihubiri kwenye makanisa yao wenyewe, kimyakimya, kama wapita njia.

Wa kwanza alikuwa Kasisi Desmond Lyle, mwendo wa saa mbili kwa gari. Wakakubaliana kusema ni watalii waliokuja kutazama majani yanavyogeuka rangi msimu wa vuli. Hawajakaa hata kitako, mzee wa mlangoni akawauliza, "Nyie ndiyo ile kamati?"

"Sisi tunatazama majani," Daktari akasema, masikio yamemwiva kama nyanya.

"Karibuni sana! Mnajua kasisi wetu ni malaika?"

Kasisi Desmond alikuwa mrefu, sauti yake kama kengele, na mahubiri yake yalichukua dakika kumi na moja. Kwenye kahawa sifa zikamiminika. Hodari! Mpole! Anapenda watoto! Kila mgeni akapewa pai nzima ya tufaha. Bibi mmoja akamshika Arlene mkono: "Ana vitabu vingi, mwenzangu, lakini usihofu. Maboksi tumeshayaandaa. Na kaka yangu ana lori."

Garini Daktari alikuwa kama bwana harusi. "Dakika kumi na moja! Tunatafuta nini tena?" Arlene akaendesha, macho barabarani.

Jumapili iliyofuata wakaenda kumsikia mwanamke, Kasisi Imogen Farrar, kwenye kanisa dogo kando ya ziwa, karibu na mpaka wa Kanada. Waumini walikuwa kumi na wanne ukimhesabu mbwa. Wageni watatu wakaonekana kama nzi kwenye maziwa.

Kasisi Imogen alihubiri juu ya mwanamke aliyepoteza sarafu. Katikati karatasi zikamwanguka, zikavurugika. Akacheka, akapiga magoti kuzikusanya, akasema kutoka huko chini, "Hivi ndivyo Mungu anavyotutafuta, jamani. Kwa magoti, mpaka uvunguni." Arlene akajikuta anafuta macho kwa glavu. Tangu amzike Orrin, hakuwa amelia kanisani.

Kahawa ilipomiminwa, mzee mmoja mwenye suruali ya kanda za mabegani akawavuta pembeni. "Poleni na safari. Yule anakoroma wakati wa sala."

"Na anakunywa," bibi mmoja akadakia. Aliitwa Mabel.

"Anakunywa nini?" Priscilla akauliza.

Mabel hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Chai," akasema. "Nyingi mno. Halafu ameolewa mara tano!"

"Tulikubaliana mara mbili, Mabel," mzee akamnong'oneza.

Garini Daktari akashusha pumzi. "Tumeponea chupuchupu!"

Arlene akasimamisha gari kando ya barabara. "Daktari, umewahi kununua ng'ombe?"

"Mimi nimeng'oa meno."

"Basi sikiliza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnadani, mtu akikusifia ng'ombe wake mpaka mate yanamkauka, huyo ng'ombe kiwele kimekufa. Lakini ukifika kwa mtu akakwambia, 'Achana na huyu, anapiga mateke,' huku anamkuna shingo, huyo ndiye. Mlimwona Mabel? Anamtukana kasisi wake, na machozi yanamlengalenga."

Priscilla akawaza kidogo. "Ndiyo maana maboksi yalikuwa tayari."

"Yalikuwa tayari, mwenzangu. Na lori."

Baraza likapiga kura, askofu akaridhia, Arlene akapiga simu. Kasisi Imogen akasema, "Watu wangu waliniambia mlitoka hapa mbio."

"Tuliwahi kura, Kasisi."

Akaomba juma moja la kusali. Arlene, ambaye kungoja hakukuwemo katika damu yake, akaliosha zizi mara mbili, na ng'ombe mmoja akamwosha bila sababu. Siku ya sita simu ikalia. Jibu lilikuwa ndiyo.

Kasisi Imogen alihamia mwezi Januari. Watu wa ziwani walimsindikiza kwa magari saba, wamebeba meza zake na mbwa wake, wamenuna wote. Mabel akamsogelea Arlene, akamnyooshea kidole. "Mkimuudhi, tunakuja kumchukua."

"Mkimkumbuka, njooni," Arlene akasema. "Supu haitakosekana."

Mabel akamkumbatia ghafla, akamlilia kwenye koti. Waliondoka kabla theluji ya siku hiyo haijaanza kuanguka, wakapiga honi mpaka darajani.

Ukumbini wakabaki Arlene na kasisi mpya, na rundo la vyombo vya karamu ya mapokezi. Wakaviosha pamoja. "Vikombe vinakaa kabati gani?" Kasisi Imogen akauliza, taulo begani.

Arlene akatazama huku na huku. Miaka yote ile, hakuwahi kujua. Wakaanza kufungua makabati, moja baada ya jingine.