Gari la Kulala la Mzee Ponsiano

Hamisa alijifunza mota za umeme kiwandani Zegereni, akitengeneza foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo, zinazotumia betri. Kiwanda kilipopunguza watu, akafungua kibanda cha ufundi Maili Moja.

Huko ndiko alikomkuta Mzee Ponsiano, ofisa mstaafu wa serikali. Alikuwa na gari kuukuu la kulala: ndani kuna kitanda, sinki na jiko la gesi. Alitaka liende kwa umeme na lipike kwa umeme, alipeleke Kisarawe, wageni wa kulipia walale msituni bila kelele wala moshi.

"Utaliweza, binti?"

"Nitaliweza, mzee."

Ilimchukua miezi saba. Alishusha injini, akafunga mota ya foklifti iliyokuwa imetupwa. Betri akazipanga chini ya kitanda, sola akaweka juu ya paa, mitungi ya gesi akaing'oa. Siku tairi zilipozunguka mara ya kwanza, alikaa chini akalia peke yake.

Siku ya uzinduzi alimwalika baba yake, Mzee Maulidi, kutoka Kibuta. Alikuja na kanzu yake ya Idi. Gari lilipanda kilima cha Kisarawe kimya kabisa, watu wakapiga makofi. Mzee Ponsiano akashika kipaza sauti.

"Kazi yote hii ni ya mpwa wangu, Injinia Evance!"

Evance alikuwa amefika kibandani mara mbili tu, kupiga picha. Akasimama, akapunga mkono.

Hamisa alimfuata Mzee Ponsiano pembeni. "Mzee, mbona umesema vile?"

"Binti, wageni wakisikia ni fundi wa kibandani, nani atakubali kulala juu ya betri? Elewa biashara."

Baba yake alikuwa akimsubiri. "Mwanangu, si uliniambia umelitengeneza wewe?"

"Nimelitengeneza mimi, baba." Akamweleza yote.

Mzee Maulidi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mtu mzima kama yule hawezi kusema uongo mbele za watu."

Miezi miwili baadaye Evance alipiga simu: waya chini ya kitanda zinapata moto. Hamisa alimwelekeza ipi akaze na ipi abadilishe, maana kulikuwa na watu wanalala mle. Evance akakata simu bila hata kusema asante.

Huko Kibuta, Mzee Maulidi akiulizwa habari za bintiye, husema anaosha magari mjini.