Mabati ya Hekalu la Temeke

Kila alfajiri ya masika, kuhani wa hekalu la Kihindu la Temeke alifuta sanamu kwa kitambaa, akakikamua, akafuta tena, maana paa lilivuja. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Maharaji, kama waumini walivyomwita kuhani wao, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hata paka aliyelamba samli ya taa alimfukuza kwa kunong'ona. Lakini kitambaa kile alikinyonga kama shingo ya mtu. Marehemu tajiri aliyejenga hekalu aliacha wasia kwamba duka lake la vifaa vya ujenzi ndilo litakaloligharimia, paa na ibada. Wanawe wawili walirithi duka, kisha wakaenda mahakamani, kila mmoja akidai kwamba wajibu huo ni wa mwenzake.

Hakimu Mwingereza alipoiahirisha kesi kwa mara ya nne, kuhani alisimama. "Bwana Hakimu, na ibada ya kesho niiahirishe?" Akaambiwa aketi. Hakuketi. Alitoka moja kwa moja hadi dukani, akajitwika mabati mawili yaliyoegemezwa mlangoni. Ndugu mkubwa, aliyemfuata mbio kutoka mahakamani, aliyashika.

"Maharaji, huu ni wizi."

"Basi nishtaki," alisema, na mtaa mzima ukaisikia sauti yake. "Umweleze hakimu nimeiba mabati ya nani, nikafunike nini."

Yule ndugu aliyaachia. Kabla ya kupanda juu ya paa na nyundo, kuhani alimwomba mungu wake radhi kwa kusimama juu ya kichwa chake. Wale ndugu hakuwaomba chochote.