Mstari Nyuma ya Jikoni

Je, salamu ya majirani inaweza kukatwa kwa penseli? Karani wa uchaguzi wa zone yetu, yaani wilaya yetu ya mji, alizoea kuikata: anaramba penseli, anapuliza vumbi la kifutio, kisha kwenye ramani anagawa avenue, barabara ya mtaa, katikati, kila upande na mjumbe wake. Siku alipofika kwetu na ramani yake, nilikuwa nimeandaa hotuba ya moto ya kumpinga. Mama Katungu, muuza maharagwe, akanitangulia, akimwita karani raia: “Citoyen, avenue iko watu wenye kutazamana. Mimi na Mama Asumini wa ng'ambo tukitaka kuchagua mutu moja, tuombe viza?” Karani alicheka kimyakimya, akafuta, akauhamisha mstari nyuma ya jikoni, kwenye mtaro ambako hakuna anayesalimiana. Nikapumua. Kesho yake asubuhi nilimwona akipigilia kibao kimoja cha kituo cha kura, na Mama Katungu na Mama Asumini wamekishika, kila mmoja upande wake.