Swali la Adhiambo Kuhusu Zebaki

Nakumbuka siku moja ya likizo nilipokubali jambo ambalo ningepaswa kulikataa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hodari wa hesabu, na mzee wa kanisa letu huku Osiri, penye machimbo ya dhahabu, akaniomba niwasaidie wanafunzi.

"Hesabu tu, ama masomo yote?" akauliza.

"Yote," nikasema.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wakileta jiografia najibu, wakileta biolojia najibu, hata wakaanza kuniita Japuonj, yaani mwalimu. Sifa ni tamu, mwanangu, na hazishibishi.

Kisha Adhiambo akainua mkono. Mama yake, kama akina mama wengi wa huku, aliosha mchanga wa dhahabu, akaikamata dhahabu kwa zebaki, halafu akaichoma hiyo zebaki juu ya jiko lake la kupikia.

"Japuonj, ule moshi unadhuru?"

Sikujua. Kemia ilinishinda kitambo. Lakini darasa zima lilinitazama. "Haudhuru," nikasema, "bora usimeze zebaki yenyewe."

"Mbona kuku wetu wamekufa?"

"Kuku hufa kwa kideri, wewe! Ama walikuwa wanachimba dhahabu?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Shule zilipofunguliwa alimuuliza mwalimu wake wa kemia, akaambiwa moshi ule ni sumu. Alimsihi mama yake hadi akaacha kuichoma zebaki. Mimi alinivuta kando, asiniaibishe mbele ya watu: "Ungesema tu hujui. Tungetafuta pamoja."

Nikamwambia aache kujifanya msomi. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Ujinga ulikuwa wangu, wa kujibu.

Tena uongo ukiutetea sana, mwishowe unauamini mwenyewe. Nami niliingia kwenye dhahabu, na kwa miaka mingi nikachoma zebaki ndani ya nyumba, mlango nimeufunga majirani wasijue nimepata.

Leo Adhiambo ni mwalimu huko mjini Rongo, na wanafunzi humtumia maswali ya kila somo kwa simu. Juzi alikuja kunisalimu, chai ikapoa akiwajibu. Mmoja alimuuliza jambo la fizikia. "Hilo silijui, nyathina," yaani mwanangu, akasema bila haya. "Nipe hadi kesho." Moyo wangu ulifurahi kama wa mtu aliyesamehewa. Mama yake bado yuko, mzee kuniliko, na anatia uzi kwenye sindano mwenyewe.

Basi mwanangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha ukalitafute. Anayekuuliza amekukabidhi maisha yake kidogo. Mungu akupe ulimi mzito wa kujibu na miguu myepesi ya kutafuta, na wanao wakuulize bila woga.

Haya ameyaandika mjukuu wangu, mimi nikisema. Mikono yangu hutetemeka. Daktari alisema ni ile zebaki. Nilishika chaki nikijibu kila kitu, na sasa siwezi kuandika hata jina langu.