Kilicholia Chini ya Leso

Msinicheke sana, jamani, maana aibu yenyewe haijatimiza hata wiki. Kampuni yetu ndogo ya Magongo hutengeneza vifaa vya kupima joto ndani ya makontena ya samaki. Tumeungana na kampuni mbili, moja ya Nyali na moja ya Likoni. Muungano kama huo huzaa kitu kipya pale kila mmoja anapoeleza kinachomshinda. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafafanulia wenzetu hao hivyo walipokuja ofisini kwetu kwa kikao, kwa upole kabisa.

Bi Zuhura wa Nyali akaniuliza, “Na kifaa chenu, dada, kina kasoro gani?”

“Hakina.”

Kumbe chetu kikipata unyevu hupiga kelele bila sababu. Niliogopa wasije wakatuacha, ndiyo maana nilikuwa nimekificha pale mezani chini ya leso.

Nikaleta chai ya tangawizi, nikaweka birika kando ya leso ileile. Mvuke ukapenya. Kikalia!

“Dada, mtoto analia, mbona humbembelezi?” Bi Zuhura akaifunua leso taratibu, kisha akanishika mkono. “Kumbe na wenu! Wetu hulia vivi hivi. Nilikuwa naona haya kusema.”